Kamera inaonyesha mtoto wa tai, haionyeshi ganda la yai

Wandugu, wengi wenu mumeshaona ku simu vipande vya video vya Jackie na Shadow, wale tai wawili wa kichwa cheupe wa Big Bear, mu milima ya mashariki ya Los Angeles, kule California. Kamera imefungwa juu ya kiota chao, ndani ya msonobari mrefu, na shirika la wenyeji, Friends of Big Bear Valley, linarusha picha moja kwa moja usiku na mchana. Leo nataka kuiongelea hii kamera sawa vile watu wanaongelea filme ao kitabu. Kwangu ni kazi nzuri sana yenye kasoro moja, na ile kasoro inatugusa sisi wa agronomia kuliko watu wengine.

Uzuri wake kwanza. Kamera haina haraka. Unafungua, unakuta mama amelala juu ya mayai, theluji inamjaa mgongoni, hakuna kinachoendelea. Nusu saa, bado. Kiisha anasimama, anageuza mayai na mdomo, analala tena. Hakuna filme ya wanyama ingekubali kukuonyesha ile nusu saa, wangeikata. Lakini kazi ya kulea njo hiyo, kukaa. Mwaka 2024 Jackie alitaga mayai matatu mu mwezi wa kwanza. Yai la tai linalaliwa siku 35 hivi. Siku 35 zikapita, ikafika miezi miwili, na wale wazazi wakaendelea kupokezana juu ya mayai ambayo hayakupasuka ata moja. Ukiangalia ile saburi bila muziki, bila sauti ya mtu wa kukueleza namna gani ujisikie, unajifunza kitu.

Mwaka 2025 mambo yakageuka. Mayai matatu tena, na mu mwanzo wa mwezi wa tatu yote matatu yakapasuka. Kinda moja likakufa siku chache kiisha, wakati wa dhoruba ya theluji. Yale mawili yakabaki: manyoya laini ya kijivu, shingo isiyoweza kubeba kichwa, na mama mwenye kucha za kupasua samaki anakata nyama vipande vidogo sana na kuviweka mdomoni mwao polepole. Hapo mimi sina kasoro ya kutaja. Ata prof wa zootekinia hawezi kukueleza vizuri hivyo maana ya kulisha.

Kasoro inaanzia ku majina. Wanafunzi wa shule ya msingi ya kule walipiga kura, makinda yakaitwa Sunny na Gizmo. Sina ubaya na watoto. Lakini ukimpa ndege jina, anakuwa mtu wa hadisi, na watazamaji wanaanza kudai hadisi imalizike vizuri. Ku kiota kingine, jimbo la Minnesota, mwaka 2014, kinda moja lilivunjika bawa mbele ya kamera. Idara ya maliasili ya jimbo ilisema tuache maumbile yafanye kazi yake. Watu wakapiga simu, wakaandika, mpaka gavana akaingia. Kinda likashushwa, likapelekwa kwa waganga wa wanyama wa chuo kikuu, nao wakaona hawawezi kuliokoa, wakalilaza. Pittsburgh, mwaka 2016, tai walileta paka ku kiota kulisha watoto wao, watu wakakasirika sana. Samaki mia wameliwa pale, hakuna aliyelia. (Samaki hana bahati, hata huku kwetu.)

Huruma ya namna hiyo ni ya kweli, mimi siicheki. Ila inabaki ndani ya kiota, mu ile duara ya vijiti. Na kilichowaokoa hawa tai hakikuwa ndani ya kiota.

Mwaka 1963, mu Marekani yote ukiacha Alaska, walihesabu jozi 417 tu za tai hawa wenye viota. Risasi na kukatwa kwa misitu vilikuwa vimefanya kazi yao, lakini dawa yetu nayo ilikuwamo, na nasema yetu juu ni ya mashamba: DDT. Tuliosoma fitofarmasi tunajua njia yake. Inapuliziwa shambani, mvua inaipeleka mtoni, samaki wadogo wanaibeba ndani ya mafuta yao, samaki wakubwa wanawala wale wadogo, tai anakula wote. Mu mwili wa mama, ile inayobaki ya DDT inazuia kalisi kuingia sawasawa ku ganda. Ganda linakuwa jembamba, na mama akilala juu ya yai lake kwa mapendo yote, analivunja. Mwaka 1972 Marekani ikakataza DDT ku mashamba. Mwaka 2007 tai akatolewa ku orodha ya walio hatarini, na hesabu iliyotoka 2021 inasema jozi zaidi ya 71.000.

Si mbali na Big Bear, ku visiwa vya Channel vilivyo ng'ambo ya Los Angeles, ilichelewa zaidi, juu kiwanda kimoja kilikuwa kimemwaga DDT nyingi mu bahari kwa njia ya mifereji ya mji. Miaka mingi watu walipanda ku viota vya Catalina, wakachukua mayai, wakaweka ya bandia, wakapasulisha yale ya kweli ku mashine, wakarudisha makinda. Mwaka 2006 tu njo yai la kwanza lilipasuka lenyewe ku vile visiwa, kiisha miaka zaidi ya 50.

Sisemi yale mayai ya 2024 yaliharibika juu ya DDT. Nasema unaweza kuangalia ile kamera msimu mzima, na moyo wako ukauma kabisa, bila kusikia sana kwamba kiota chenyewe kipo juu watu walipima maganda na kugombana na wauza dawa. Picha haiwezi kuonyesha ganda lililo jembamba kidogo tu. Kuna mtu anapaswa kulipima. Na furukombe wa ziwa Tanganyika, ndugu wa karibu wa huyu tai, anakula samaki vilevile, chini ya milima ambako wakulima wanatuuliza sisi wapulizie nini, mara ngapi, kwa kipimo gani. Chupa inafika sokoni bila karatasi ya maelezo, mkulima anakutazama wewe mwenye licence.

Mwenye mega kidogo asipoteze ku vipande vyenye muziki. Kuanzia mwezi wa tatu, saa tisa ya mchana huku Lubumbashi ni saa kumi na mbili ya asubuhi kule, tai wanaamka na samaki anaweza kuletwa. Punguza ubora wa picha. Na ku mwezi wa kwanza, wakati wa mayai, angalia namna mama anavyokunja kucha zake mbele ya kukaa.