Ablativus si «kwa» tu

Tulipopita Kamituga mwezi uliopita, mseminari mmoja alituonyesha daftari la Kilatini ambalo vijana hunakili wao kwa wao. Tumelisoma lote. Mwandishi wake amefanya kazi njema: miisho ya majina imepangwa sawasawa, mifano ni mifupi. Lakini katika sura ya ablativus tulikuta sheria moja tu: ablativus hutafsiriwa «kwa». Sheria hii ni nyepesi kukariri, nayo huharibu mengi.

Jina ablativus latoka katika auferre, maana yake kuondoa. Lakini umbo hilo moja lilipokea kazi za maumbo matatu ya zamani: kule kitu kitokako, chombo ama mwenzi wa tendo, na mahali au wakati. Quintilianus, mwalimu wa Roma wa karne ya 1, alikwisha kuuliza kama Kilatini hakina kasus ya saba, kwani asemaye amepiga kwa mkuki hasemi habari ya kuondoa.

Tutwae mifano ya huku penye dhahabu. Saxum malleo frangitur, jiwe linavunjwa kwa nyundo: hapa daftari lina haki. Saxum a fossore frangitur, jiwe linavunjwa na mchimbaji. Cum fossore ambulat, anatembea na mchimbaji. «Na» yetu ni moja, Walatini wana ab na cum, tena et. Ndiyo sababu vijana huandika a malleo, kana kwamba nyundo ni mtu mwenye nia yake. (Nasi tuliandika hivyo zamani, tukapata alama tulizostahili.)

Habari ya mahali ni hivyo hivyo. Twasema: ninatoka Kamituga, ninakaa Kamituga, ninakwenda Kamituga. Jina halibadiliki, tendo ndilo libebalo maana. Mlatini angebadili mwisho wa jina: Kamituga venio, yenye a ndefu, Kamitugae maneo, Kamitugam eo. Mwanafunzi asipoonyeshwa tofauti hiyo ya lugha mbili, atatafuta «kwa» mahali isipokuwapo.

Kosa zito zaidi ni la ablativus absolutus. Auro invento multi venerunt. Daftari latafsiri: «Kwa dhahabu iliyoonekana wengi walikuja.» Msikilizaji atafahamu kwamba walifuata dhahabu. Labda ni kweli, lakini Kilatini hakikusema hivyo waziwazi. Sisi tungeandika: «Dhahabu ilipokwisha kuonekana, wengi walikuja.» Tunayo -po- yetu, nayo yaacha mlango wazi kama Kilatini chenyewe. Mwalimu aanze nayo.

Wengine watasema hayo ni mambo ya shule. Kanoni 249 ya Sheria ya mwaka 1983 yataka waseminari wajue Kilatini vizuri. Na tangu Magnum principium ya Papa Fransisko, mwaka 2017, kutayarisha na kukubali tafsiri za liturjia ni kazi ya mabaraza ya maaskofu. Nani atakaa mezani kutafsiri, kama si vijana hawa? Neno gratia laweza kuwa «neema» itendayo au «kwa neema». Katika Misale yameandikwa sawasawa. Asiyejua kupambanua atawasomesha Wakristo sala ambayo Kanisa halikuiandika.

Daftari tumelirudisha. Kurasa nyingine tumeziacha zilivyo. Katika sura ile tumetia karatasi yenye maswali matatu: kutoka wapi? kwa chombo gani ama pamoja na nani? wapi au lini?