Pongezi kwa Fundi wa Jenereta

Mwaka 2011, mgawo wa umeme ulipoibana Tanzania, saluni, vinyozi na maduka ya vinywaji baridi viliendelea kwa jenereta ndogo za petroli. Sifa zilikwenda kwa mashine; nadhani zilistahili kwenda kwa fundi. Jenereta hizi haziuawi na kazi kama zinavyouawa na kukaa. Petroli iliyolala miezi ndani ya kabureta huacha utando unaoziba jeti, na siku umeme unapokatika kamba huvutwa hadi mkono uchoke. Fundi hodari huifungua kabureta, husafisha jeti, hubadilisha oili kila baada ya saa 100 hivi za kazi, kisha hurekebisha gavana, yaani kidhibiti kasi, mpaka injini izunguke mara 3,000 kwa dakika, kwani hapo ndipo umeme hutoka kwa hezi 50. Kasi ikizidi sana, friji ya mteja ndiyo huungua.

Wapo wanaosema kazi hii imepitwa na wakati tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha umeme mwaka 2024. Lakini bwawa halizuii nguzo kuanguka wala transfoma kuharibika. Wengine hulalamika kuwa mafundi wengi hawana cheti, na kweli wababaishaji wapo. Hoja hiyo inadai watahiniwe na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo tayari ina utaratibu wa kuwatambua waliojifunza ufundi kazini, haidai wadharauliwe. Fundi anayemkataza mteja kuwasha jenereta chumbani, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi isiyo na harufu, anaokoa maisha bila kulipwa. Mlipeni basi ujira wake kwa wakati, na msingoje giza ndipo mumwite.