Shairi Lenye Kituo Kichwani

Siku tuliyolijadili shairi la Ezra Pound kuhusu stesheni ya treni za chini ya ardhi mjini Paris, mwenzetu mmoja aliuliza: "Hivi jamani, mistari miwili nayo ni shairi?" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, tena sana. Makala haya ni ya kujikosoa.

Kwanza kisa chenyewe. Pound, mshairi wa Marekani, alieleza mwaka 1914 kwamba alishuka kwenye treni katika stesheni ya La Concorde, akaona uso mzuri, halafu mwingine, na mwingine; wa mtoto, wa mwanamke. Siku nzima akatafuta maneno, asiyapate. Baadaye akaandika shairi la mistari 30, akaliharibu. Miezi sita ikapita, akaandika lenye nusu ya urefu huo. Mwaka mmoja baada ya hapo ndipo ikapatikana mistari miwili, iliyochapwa Chicago mwaka 1913.

Sasa tuje kwenye fani. Mistari hiyo haina hata kitenzi kimoja. Wa kwanza unazitaja nyuso katika umati; wa pili unataja petali za maua kwenye tawi lililolowa. Neno "kama" halimo. Kazi ya kufananisha ameachiwa msomaji. Treni haimo, wala ngazi za kushukia chini. Yote hayo yamo katika kichwa cha shairi tu. Hebu kifunike kichwa hicho kwa kidole uone: mara tuko bustanini, na shairi limebaki picha ya kadi ya harusi.

Wanamapokeo wetu, wenye kufuata sheria alizochapisha Amri Abedi mwaka 1954, wametuzoesha kwamba kituo ni mshororo wa mwisho, unaofunga ubeti. Pound hana vina wala mizani ya kuhesabu, ila kituo anacho, tena kwa maana zote mbili: ni stesheni, na ndicho kinachofunga maana. Amekihamisha tu, akakiweka kichwani badala ya miguuni.

Si kwamba simlaumu. Nyuso zake hazina kazi wala safari. Anayekwenda kibaruani na anayekwenda kutembea, wote ni petali. Tangu mwaka 1991, kuta za sehemu moja ya stesheni hiyohiyo zimejaa vigae vya Tamko la Haki za Binadamu na Raia la mwaka 1789, kila kigae na herufi yake. Kuta zinasema wenye nyuso hizo wana haki; shairi linatosheka kwamba ni wazuri. Kimaudhui, ukuta umemshinda mshairi.

Kifani, hata hivyo, nanyoosha mikono. Sisi tunaobandika mashairi huru ubaoni hupenda kujitetea kwa ufupi. Basi tujiulize: tulichana mistari mingapi kabla ya kubakiwa na hiyo miwili? Mimi, nisiwafiche, sijawahi kuchana hata mmoja.