Baridi Inaandikiwa Nani?

Ndugu msomaji, zikusanye hadithi fupi ambazo siye vijana tunaziandika kuhusu Ulaya, utaona theluji yake ni moja. Kijana anashuka uwanja wa ndege, theluji inamwagika kama pamba, meno yanagongana, anakumbuka kwao, hadithi imekwisha. Sisemi mtu asiandike asichokiona kwa macho. Tukisema hivyo riwaya itakufa. Ninachouliza ni kingine: hiyo baridi unamwandikia nani?

Swali hili amenitia nalo kichwani mwanamke wa hapa hapa Unguja, Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, ambaye Ulaya aliitwa Emily Ruete. Wengi tunakijua kisa chake kama kisa cha mapenzi: binti mfalme katoroka kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani. Wanaotembeza wageni mjini mara nyingi huishia hapo. Makala haya yanamtazama kama mwandishi, tena mwandishi wa safari ya familia kwenda pwani ya baridi.

Kisa kwa ufupi. Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Watoto wa kike walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Basi akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja ana mimba, kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akashukia Aden. Mwanawe wa kwanza alizaliwa huko, akafariki mwaka uliofuata wakiwa safarini Ulaya. Mei 1867 aliolewa na Heinrich Ruete, wakaenda kukaa Hamburg, mji wa bandari juu ya mto Elbe, ambao unamwaga maji yake Bahari ya Kaskazini. Walipata watoto watatu. Agosti 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu. Salme hajatimiza hata miaka 26, tayari mjane, na watoto watatu wadogo.

Kutokana na maisha hayo tuna vitabu viwili. Cha kwanza, Kumbukumbu zake, kilitoka Ujerumani mwaka 1886. Mwenyewe anaeleza katika dibaji kwamba mwanzo alikuwa akiwaandikia wanawe, wasiojua asili ya mama yao. Cha pili ni barua za nyumbani, ambazo msomaji wake ni rafiki wa kike wa Unguja asiyetajwa jina. Hizo hazikuchapishwa akiwa hai. Alifariki mwaka 1924. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1993, mhariri E. van Donzel.

Hebu viweke vitabu hivyo kimoja kando ya kingine. Mwandishi ni yule yule, safari ni ile ile, lakini msomaji amegeuka. Kumbukumbu zinawaeleza watu wa baridi habari za joto: kasri za Mtoni, ndugu wengi wa baba mmoja, ugomvi wa Barghash na Majid mwaka 1859. Safari yenyewe ya kwenda kaskazini inapita haraka mno. Unageuza kurasa chache, kaolewa, kafika, kafiwa. Mtoto aliyekulia Ujerumani ana haja gani ya kuelezwa Ujerumani?

Ndani ya barua, safari hiyo hiyo inafunguka. Chakula kisichopita kooni, nguo, nyumba, lugha asiyoijua, mashaka ya mjane juu ya fedha na watoto. Rafiki wa Unguja hajui jiko la kupashia chumba moto ni kitu gani. Kwa hiyo mwandishi hana ruhusa ya kusema "kulikuwa na baridi" akapita. Ana deni la kueleza, na deni hilo ndilo linalotia uhai katika maandishi yake. Skuli tulifundishwa kutenga fani na maudhui kama mchele na chuya. Hapa vinakataa kutengana: umbo la barua ndilo lililozaa habari zenyewe.

Mfano wa pili unageuza mambo upande mwingine. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, alikwenda Urusi na Siberia akimtumikia bwana wake Mjerumani. Safari yake aliisimulia kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili huko Berlin. Angalia mkasa huo! Selim anasema Kiswahili, lakini kitabu kinachapwa Ujerumani, mikononi mwa wanaojifunza lugha yetu. Salme anaandika Kijerumani, lakini anayesemeshwa yuko Unguja. Barua ya kwao imeandikwa kwa lugha ambayo kwao hawaisomi. Kwangu mie huo ndio msiba mkubwa wa kazi yake, kuliko kaburi lake kuwa Hamburg.

Nisimsifu tu, nikaonekana nimelishwa limbwata. Nayaandika haya Jozani, shamba, na mtu wa shamba akizisoma Kumbukumbu kuna mahali anakwama. Salme anawatetea Waarabu katika suala la utumwa, anataka Wazungu waamini kwamba mtumwa wa huku hakuwa na taabu sana. Watu wanaobeba, wanaopika na wanaochuma karafuu wanapita nyuma ya maelezo yake, na hatuwasikii wakisema. Jicho lililoiona baridi ya Hamburg kwa uchungu namna ile lilikuwa pofu uani kwao. Mwandishi kijana na azingatie: kuteseka ugenini hakumfanyi mtu aone kila kitu.

Hata hivyo, lipo jambo moja alilolijua vizuri, nalo ni vizazi. Mwaka 1885 alirudi Unguja na wanawe watatu kwa meli ya Kijerumani, Adler, wakati Bismarck akimshinikiza Sultan. Ndugu yake Barghash alikataa kumpokea. Fikiri: wajukuu wa Sayyid Said wanafika mji wa babu yao kama wageni wa melini. Mmoja wao, Rudolph, aliyebeba jina la Said pamoja na la Kijerumani, mwaka 1929 alichapisha London kitabu juu ya huyo huyo babu ambaye hakumwona. Babu yuko kusini, wajukuu wako kaskazini, mama katikati na kalamu. Safari moja imemaliza vizazi vitatu, na bado haijafika.

Abdulrazak Gurnah naye analijua hilo. Katika By the Sea, riwaya ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anaingia Uingereza na kisanduku cha udi, na ofisa wa uwanja wa ndege anamnyang'anya. Gurnah hakuhitaji theluji kutuonyesha baridi hapo.

Siku hizi safari ya kaskazini inaanzia hata vijijini kwetu. Mjomba yuko Muscat, binti yake kahamia Uingereza, bibi kabaki na shamba lake. Upande wa pili, familia za huko kwenye baridi, babu, wazazi na watoto, zinashuka melini Malindi, zinapakiwa gari, zinaletwa Jozani kuwatazama kima punju, na jioni wamekwisha kurudi. Wao watakwenda kutuandika kwao. Siye nani anatuandikia sisi?

Basi, wenzangu wa kalamu, kabla ya kumpeleka mhusika wako kwenye pwani hiyo, mtafute wa kumwandikia. Mimi namchagua bibi aliyebaki. Yeye hataridhika na theluji kama pamba. Atakuuliza maji ya kutawadha mnayapasha kwa nini, nguo zinakauka wapi, na maiti mnamzika vipi ardhi ikiwa imeganda. Mjibu hayo, tena kwa Kiswahili.