Mikono ya Masjala

Ukimuuliza konda wa daladala jijini Dar es Salaam Mbezi Beach iko wapi, atakutajia vituo: Tangi Bovu, Makonde, Goigi, Afrikana. Ukimuuliza dalali, atakuuliza kwanza kama unataka juu ya Barabara ya Bagamoyo au upande wa baharini, na bei itabadilika kabla hujajibu. Masjala ya ardhi haina habari na majina hayo. Kwake yeye Mbezi Beach ni namba ya kiwanja na jina la kitalu, basi. Anayefika dirishani kwa mara ya kwanza anaweza kudhani anapuuzwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kufuatilia kiwanja cha marehemu mume wangu. Kiko pale karibu na..."

"Pole sana mama. Namba ya kiwanja unayo?"

Swali hilo limebeba nusu ya ufundi wa mtunza kumbukumbu. Mwenye kiwanja anaweza kuuza, kufariki au kurithisha. Mwembe uliokuwa mpakani hukatwa, na kituo cha daladala huhamishwa. Namba iliyoandikwa kwenye ramani ya upimaji na kufungwa ardhini kwa bikoni haihami. Ndiyo maana jalada hufunguliwa kwa kiwanja, na wenye kiwanja hupita ndani yake mmoja baada ya mwingine.

Jalada lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Upande wa kulia hukaa barua na nyaraka, zimetobolewa na kufungwa kwa uzi. Upande wa kushoto hukaa madokezo, yaani yale ambayo maofisa wameandikiana kuhusu barua hizo. Kila karatasi inayoingia hugongwa mhuri wa tarehe, huandikwa kwenye rejesta ya barua zinazoingia, kisha hupewa namba ya folio kwenye kona ya juu. Karatasi ya kwanza hulala chini kabisa na mpya hukaa juu, kwa hiyo anayetaka kujua historia huanza chini na kupanda: barua ya toleo, stakabadhi za malipo, nakala ya hati, kibali cha ujenzi, barua ya benki iliyokopesha, maombi ya kuhamisha miliki.

Namba ya folio ni kitu kidogo, lakini kazi yake ni kubwa. Ofisa akiandika kwenye dokezo "tafadhali rejea folio 14", amemfunga kila atakayekuja baada yake. Folio 14 ikichomolewa, pengo litaonekana kati ya 13 na 15. Ikichomekwa karatasi ya uongo, haitakuwa na namba, au namba yake itagongana na nyingine. Mwizi wa kiwanja anaweza kughushi saini na mhuri. Kughushi mfuatano wa folio, madokezo yanayozitaja na rejesta iliyozipokea, vyote vikubaliane tarehe kwa tarehe, ni shughuli nyingine kabisa.

Jaribio la kweli huja jalada linapokosekana. Pengine liko mezani kwa ofisa aliye likizo, au limerudishwa kwenye rafu isiyo yake. Mteja anasubiri na bosi anataka majibu leo, hivyo hufunguliwa jalada la muda. Mtunza kumbukumbu mzuri huliogopa jalada la muda. Huandika juu yake kwamba ni la muda, hulitaja kwenye rejesta, na huendelea kulisaka la awali. Likipatikana, huyaunganisha, hupanga upya karatasi kwa tarehe, na la muda hulifunga. Mvivu huyaacha yote mawili yaishi. Hapo kiwanja kimoja kimepata kumbukumbu mbili, na kutoka kumbukumbu mbili hadi wamiliki wawili ni hatua fupi. Dar es Salaam inawajua vizuri watu waliokutana mahakamani, kila mmoja na barua yake ya toleo, kwa kiwanja kilekile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari mbili nazo huleta habari nyingi mno.

Heshima ya kazi hii huongezeka ukikumbuka misukosuko iliyoipata serikali ya jiji lenyewe. Dar es Salaam ilipata hadhi ya jiji Desemba 1961. Miaka ya 1970, chini ya sera ya Madaraka Mikoani, mamlaka za miji zilifutwa, zikarejeshwa 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Tume ya Jiji ikashika usukani. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Baadaye Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji, iliyokuwa imerejeshwa, ilivunjwa tena, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji.

Kila tangazo la namna hiyo lilisomwa kwa dakika chache, kisha kazi ikaangukia masjala. Mpaka mpya wa kiutawala humaanisha kuchambua majalada rafu kwa rafu: ya Kimara yaende Ubungo, ya Mbezi Beach yabaki Kinondoni. Ya kuhamishwa huorodheshwa, huhesabiwa na kusainiwa pande zote mbili. Halmashauri zimevunjwa zaidi ya mara moja, lakini jalada lililotunzwa vizuri limepita mikono yote hiyo bila kupoteza folio.

Karatasi nazo zina maadui wao. Joto na unyevu wa pwani hulegeza karatasi na kuotesha ukungu. Mchwa hawachagui kati ya hati na gazeti. Pini ya chuma hupata kutu, na kutu hutoboa karatasi, ndiyo maana mjuzi huitoa na kutumia uzi. Jalada likinenepa hulifunga na kufungua juzuu ya pili, akiandika kwenye kila moja kwamba lina mwenzake.

Kazi hiyo ikifanywa vizuri, mwisho wake ni Upanga, Mtaa wa Vijibweni, kwenye Nyaraka za Taifa. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inaweka miaka 30 kuwa muda wa kawaida kabla ya nyaraka za serikali kufunguliwa kwa wasomaji. Huko pia yamo majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Makarani walioyapanga hawakuwaza watafiti; walitaka tu barua ya jana ipatikane kesho.

Sasa kompyuta zimeingia, na mifumo ya ardhi ya kielektroniki inapunguza foleni. Ni jambo jema. Lakini mashine huingiziwa kilichomo jaladani, na jalada lililovurugika likipigwa picha hubaki limevurugika, ila sasa linaonekana haraka zaidi. Bado anahitajika mtu wa kukaa na jalada, kupanga tarehe, kugundua kuwa folio 22 haipo na kukataa kuendelea mpaka ipatikane.

Nawe mwenye kiwanja, una sehemu yako. Ukienda dirishani, beba namba ya kiwanja na kitalu, na tunza kila stakabadhi. Kama mwenye jina kwenye hati amefariki, peleka uteuzi wa msimamizi wa mirathi mapema uingie jaladani, usisubiri mgogoro. Na barua yako ikipokelewa, hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa tarehe kabla hujaondoka.