Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji aliyejiita mwanahistoria

Tukisema desturi zetu, tunataja ngoma, ndoa na methali. Tablo tunazisahau. Lakini huku Lubumbashi, katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za watu wa kazi zilikuwa na tablo mu saloni. Ziliitwa ukumbusho: mgeni anaangalia ukutani, anauliza, na masimulizi yanaanza.

Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa hapa mwaka 1947, wakati mji uliitwa Elisabethville. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akauza ili ale. Hata hivyo hakukubali kuitwa mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alichora tablo 101 za historia ya inchi yetu, akazieleza kwa Kiswahili cha huku mbele ya Johannes Fabian, mwalimu wa université, aliyezitoa katika kitabu mwaka 1996.

Wengine wanasema mkono wake haukuwa na ufundi: sura zinafanana, watu wanasimama wima kama mbele ya mpiga picha. Ni kweli. Lakini tuangalie ile anayoiita « Calvaire d'Afrique ». Lumumba, Mpolo na Okito wamelala chini, nyuma yao misalaba mitatu. Waliuawa mwaka 1961, hapa hapa Katanga. Kuchora vile mbele ya majirani zetu kulihitaji moyo, na hakuna sura nzuri inayopita moyo ule.

Tunamlaumu kwa jambo moja. Akimfanya Lumumba kama Yesu, anatunyima mwanasiasa. Mtakatifu tunamlilia, hatumwulizi swali. Na historia njo maswali.

Ile dawa Tshibumba mwenyewe alikuwa nayo: mdomo. Tablo yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni maneno yanayosemwa mbele yake. Leo zile 101 zinalindwa Amsterdam, mbali na wenye kuzisimulia. Yeye mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna tena habari zake.

Wazazi, kama mu nyumba mungali na tablo ya zamani, musiitupe kwa sababu rangi imefifia. Muitundike, muite mutoto, mumwambie mulichokiona. Na akiuliza swali gumu, musimunyamazishe: hapo njo ukumbusho unaanza.