Nyuzi za Visahani: Kuitetea Filamu Mbovu

Wengi wetu tunaingia katika uhakiki na imani moja: fani na maudhui ni chanda na pete, kwa hiyo fani ikiharibika, kazi nzima imekwisha. Nataka kuijaribu imani hiyo kwa filamu ya Kimarekani, Plan 9 from Outer Space, iliyotungwa na kuongozwa na Ed Wood na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Mwaka 1980 Harry na Michael Medved waliitangaza kitabuni kuwa filamu mbovu kuliko zote. Hata hivyo bado inatazamwa. Kwa nini?

Tuanze na fani, maana huko ndiko kwenye kichekesho. Visahani vya angani vinaning'inia kwa nyuzi. Mawe ya makaburi yanayumba. Tukio moja linaanza usiku, mara mchana, kisha usiku tena! Mwigizaji mashuhuri Bela Lugosi alifariki Agosti 1956 akiwa ameacha vipande vichache tu vya picha. Wood akavitumia, na pengo akalijaza kwa Tom Mason, mtaalamu wa kunyoosha viungo aliyekuwa akimtibu mkewe. Mason ni mrefu zaidi na hafanani na marehemu, basi anajifunika uso kwa joho. Hivi nani atadanganyika?

Sasa tugeukie maudhui. Wageni kutoka angani wanafufua maiti ili binadamu awasikilize. Eros, msemaji wao, anaonya kwamba binadamu ameanza na fataki, akafika kwenye bomu la haidrojeni, na kesho atalipua hata miale ya jua. Marekani ilikuwa imelijaribu bomu hilo mwaka 1952, kwa hiyo hofu hii haikuwa porojo. Eros anawaita binadamu wajinga. Rubani Jeff Trent, shujaa wetu, anajibuje? Kwa ngumi! Hapo shujaa anathibitisha hoja ya adui yake. Sijui kama Wood alikusudia kejeli hiyo, lakini imo, na mhakiki anayehesabu nyuzi tu hawezi kuiona.

Mtu atasema: ujumbe mzuri hautoshi, mbona filamu nyingi zina ujumbe na zinachosha? Nakubali. Mvuto wa hii uko kwingine. Mtambaji wa ngano huwa simba na sungura kwa sauti moja, na hakuna anayemdai manyoya, kwa sababu tumeshapatana naye kwamba tutajaza wenyewe. Wood hakupatana nasi. Alitaka tuamini kabisa, na mfuko ukamkatalia. Kwa hiyo tunatazama hadithi mbili kwa pamoja: ya wageni wa angani, na ya watu wasio na kitu wanaong'ang'ania kutengeneza anga. Hii ya pili ndiyo iliyomvuta Tim Burton hadi akatoa filamu ya Ed Wood mwaka 1994.

Ndiyo maana filamu zinazotengenezwa mbovu makusudi hazinigusi. Mtengenezaji wake amejiweka juu ya kazi yake na kuicheka kabla yetu, wakati Wood yumo ndani, mzima mzima.

Jamani, tusiite ubovu uzuri. Nyuzi zinaonekana, na ni kosa. Ninachodai ni kwamba tukishamaliza kuhesabu makosa, kazi ya mhakiki ndiyo kwanza inaanza: kuuliza ni nini kilichobaki kimesimama.